Mlimba hadi Makambako: Pale Mlima Ulipowabana Wajenzi wa Reli ya Uhuru

Waulize vijana wa rika letu TAZARA ni nini, utapata majibu ya aina mbili. Wa kwanza watakupa siasa: Nyerere, Kaunda, Mao, Ian Smith na Rhodesia yake, mkopo usio na riba. Wa pili watakupa safari: usiku mrefu ndani ya behewa, ndizi na karanga zinazouzwa dirishani, twiga wa Selous. Wote wana haki. Lakini hakuna anayekuambia habari za udongo. Leo nataka tuzungumze udongo, kwa sababu kuna kilomita kama 158 za reli ile ambazo siasa peke yake isingezimaliza. Mkopo ulishasainiwa, marais wameshapeana mikono, magazeti ya Magharibi yameshacheka na kuiita "reli ya mianzi". Kilichobaki ni mtu mwenye koleo na mlima. Na mlima hausomi magazeti.

Historia ya siasa nitaipitia mbiombio kwa sababu mnaifahamu. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilisema reli ya kuunganisha Zambia na Dar es Salaam haina faida. Novemba 1965 Smith akajitangazia uhuru wake wa walowezi, na shaba ya Zambia ikawa inapita mikononi mwa adui. Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zikasaini makubaliano Beijing. Kati ya 1968 na 1970 wapimaji wa Kichina walitembea njia nzima kwa miguu. Oktoba 1970 ujenzi ukazinduliwa, na kufikia Novemba 1971 reli ilikuwa imeshafika Mlimba, kilomita 502 kutoka Dar. Zaidi ya kilomita 500 kwa mwaka mmoja na kidogo! Kisha mwendo ukabadilika.

Mlimba iko chini, pembeni mwa bonde la Kilombero, mahali pa joto na mbu. Makambako iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hata Desemba unatembea na sweta (wakati ule ilikuwa Mkoa wa Iringa, Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012). Kati ya hapo pana ukingo wa Udzungwa, na treni haiwezi kupanda ukingo kama mbuzi. Inataka mteremko wa taratibu, kwa hiyo njia inazunguka, inaruka mabonde kwa madaraja, na pale isipoweza kuzunguka wala kuruka, inatoboa. Daraja la Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa mita 50. Handaki la Irangi namba 3 lina urefu wa karibu mita 800. Reli nzima ina mahandaki 22, au 23 ukisoma chanzo kingine (jambo la ajabu, kwamba kitu kikubwa kama handaki kinaweza kuleta ubishi wa idadi), na mengi yake yamerundikana katika kipande hiki kimoja. Ukisafiri kutoka Mbeya kwenda Dar, baada ya Makambako kaa upande wa dirisha. Utaona giza, kijani, giza, kijani, na kila giza lina harufu yake ya maji na masizi.

Sasa, ndani ya milima ile kuna nini?

Mtu akiangalia Iringa mjini na mawe yake makubwa, akapanda Gangilonga (jina lenyewe maana yake ni jiwe linaloongea), atadhani Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya mwamba mgumu mtupu. Ni kweli na si kweli. Mwamba wa ukingo ule ni wa zamani kupita kiasi, gnaisi yenye umri wa kama miaka bilioni mbili, iliyopikwa na kukunjwa chini sana ya ardhi kabla ya kuinuliwa. Ungekuwa mpya ungekuwa mgumu kama chuma. Lakini mvua za huko hazichezi, na maji ya mvua yakipita kwenye nyufa za gnaisi kwa maelfu na maelfu ya miaka, madini yake yanaoza. Ndiyo, mwamba unaoza. Yale madini meupe na ya pinki unayoyaona kwenye jiwe la Iringa hugeuka mfinyanzi. Matokeo yake ni udongo mwekundu wenye kina cha mita nyingi, na katikati ya udongo huo yanabaki magogo ya mawe ambayo hayajaoza, kama mifupa ndani ya mchuzi. Mchimbaji anapiga sululu kwenye udongo laini, hatua mbili mbele anakutana na jiwe la ukubwa wa nyumba, hatua tatu mbele maji yanamwagika. Ongeza mipasuko ya Bonde la Ufa inayokata eneo hilo, ambapo mwamba umesagwa ukawa unga, na unapata mahali ambapo huwezi kukisia mita kumi zijazo kwa kuangalia mita kumi zilizopita. Ukienda mbele zaidi, Mbeya, kuna jambo jingine tena: majivu na mawe mepesi ya volkeno za Rungwe na Ngozi, na ardhi ambayo bado inatembea. Desemba 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa kama 7.4, moja ya makubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika katika karne iliyopita.

Kuna namna nyingi za handaki kukusaliti. Ya kwanza kila mtu anaijua: dari linaanguka. Ya pili ni ya kimya, na ndiyo iliyonivuta kwenye mada hii. Chukua ugali wa moto uliolegea, uchome kidole, kisha ukitoe. Tundu halianguki. Linajifunga polepole, kuta zinasogeleana mpaka huoni palipokuwa pametobolewa. Mwamba dhaifu ulioelemewa na uzito wa mlima hufanya vivyo hivyo. Wahandisi husema mwamba unaminya. Jumatatu umechimba upana wa mita tano, Ijumaa unapima unakuta ni nne na nusu, nguzo za mbao zimepinda kama upinde, sakafu imevimba, na hakuna jiwe hata moja lililoanguka. Wajenzi wa handaki la Simplon, kati ya Uswisi na Italia, walilijengea handaki la karibu kilomita 20 kuanzia 1898, na sehemu iliyowatoa jasho kuliko zote ilikuwa kipande cha mita 42 tu ambapo mlima uliminya na kuvunja mbao zote walizoweka.

Mtu aliyeliandika jambo hili vizuri ni Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague aliyekulia Austria na kuishia Marekani. Mwaka 1946 alitoa jedwali la kumsaidia mhandisi akadirie mzigo ambao mwamba utauweka juu ya mihimili ya chuma. Kinachonifurahisha ni kwamba hakubuni maneno mapya ya kisomi. Alichukua maneno ya wachimbaji wenyewe: mwamba unaominya, unaovimba, unaomwagika. Akatofautisha unaominya, ambao unasukumwa na uzito, na unaovimba, ambao unakunywa maji na kunenepa. Mwaka 1958 Mwaustria mwingine, Lauffer, akaongeza wazo la muda wa kusimama: ukitoboa bila kuweka nguzo, dari litakuvumilia kwa muda gani? Mwamba mzuri unakuvumilia miaka. Mwamba mbovu unakupa saa chache, mwingine dakika.

Samahani kwa wasiopenda hesabu, lakini hii ni ndogo na inaeleza mengi. Udongo wenye unyevu una uzito wa kama tani mbili kwa kila mita moja ya mraba ukienda chini mita moja. Handaki likiwa mita 50 chini ya mgongo wa kilima, linabeba tani 100 kwa kila mita ya mraba. Mfinyanzi uliotokana na gnaisi iliyooza unaweza kuwa na uwezo wa kubeba tani 20 tu kabla haujaanza kutiririka. Ishirini kwa mia: moja ya tano. Kanuni rahisi iliyotolewa mwaka 2000 na Evert Hoek na Paul Marinos inasema uwiano ukiwa hivyo, handaki lisilo na nguzo litajifunga kwa kama asilimia 5 ya upana wake. Asilimia 5 ya mita 5 ni sentimita 25. Unaweza kuona ni kidogo, lakini njia ya treni moja haina nafasi ya kugawa sentimita 25, na zege lililojengwa ukutani halipindi sentimita 25, linapasuka. Uwiano ukiwa karibu nusu, yaani udongo wenye nguvu zaidi ya mara mbili ya ule, mbano unashuka hadi chini ya asilimia moja na mhandisi analala usingizi. Kwa hiyo swali zima la utabiri ni hilo: mlima una uzito gani, na mwamba una nguvu gani. La kwanza unalipata kwa ramani. La pili ndilo linalovunja watu mioyo.

Tatizo ni kwamba kanuni hiyo ni ya mwaka 2000. Wajenzi wa Mlimba–Makambako walikuwa ndani ya mlima mwaka 1971, 1972, hadi 1973. Walikuwa na nini mikononi?

Walikuwa na uzoefu. Mwaka 1970 China ilikuwa imekamilisha reli ya Chengdu–Kunming, inayopita katika milima mibaya ya kusini-magharibi mwa nchi hiyo na yenye mahandaki zaidi ya 400. Wachina waliokuja hawakuwa wageni wa milima mibovu. Katika ardhi dhaifu, mtindo uliozoeleka katika reli za China za miaka ile ulikuwa kuchimba sehemu ya juu ya handaki kwanza, kujenga tao la zege haraka kabla dari halijabadili mawazo, kisha kuchimba chini kipande kwa kipande na kujenga kuta za kulibeba lile tao. Hatua fupi fupi. Baruti kidogo, au hakuna kabisa pale palipokuwa na udongo mtupu. Ni kazi ya mikono mingi, na mikono ilikuwepo: mwaka 1972, ujenzi ulipopamba moto, walikuwepo Watanzania kama 38,000 na Wachina kama 13,500. Utabiri wenyewe ulifanywa kwa kutembea juu ya mlima, kuchora mawe yaliyojitokeza, kuchoronga visima hapa na pale, na zaidi ya yote kwa kuangalia uso wa mwamba kila asubuhi kabla ya kuingia.

Miaka ile ile, kule Austria, kulikuwa kunachimbwa handaki la barabara la Tauern (1970 hadi 1975). Wao walikuwa na mashine na maabara, na bado mlima uliwabana kwa zaidi ya mita moja katika sehemu mbaya. Walichofanya ni cha busara: badala ya kushindana nao walinyunyizia zege ukutani na kuacha mianya mirefu, ili zege lenyewe lisogee pamoja na mlima bila kuvunjika, huku wakipima kila siku. Ninataja Tauern kwa sababu ipo tabia ya kudhani kwamba kule Udzungwa shida ilitokana na umaskini wa zana. Hapana. Mwaka 1972 hakuna aliyekuwa anajua kutabiri mwamba unaominya kwa uhakika, awe Salzburg au Mlimba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nikilifikiria huwa nacheka kicheko kisicho cha furaha. Mwaka 1973, mwaka ambao reli ilifika mpaka wa Tunduma (ilikuwa Agosti 27), mhandisi aitwaye Bieniawski alichapisha mfumo wa kuupa mwamba alama kwa mia, kama mtihani wa darasani: nguvu ya jiwe, umbali kati ya nyufa, hali ya nyufa, maji, na kadhalika. Jumlisha, angalia jedwali, utajua handaki lako litasimama muda gani na uweke nguzo za aina gani. Mfumo huo unatumika dunia nzima hadi leo. Na Bieniawski aliuchapisha akiwa wapi? Pretoria, katika baraza la utafiti la serikali ya makaburu. Yaani elimu ambayo ingewafaa zaidi watu wanaotoboa mlima ili wasiitegemee Afrika Kusini ilikuwa inaandikwa Afrika Kusini, mlangoni pale pale walipokuwa wanapakimbia.

Tena elimu hiyo haikutoka hewani. Januari 1960 mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook uliporomoka na kuua wachimbaji zaidi ya 430, wengi wao kutoka Lesotho (iliyoitwa Basutoland) na Msumbiji. Ni baada ya hapo ndipo utafiti wa nguvu za mwamba ulipopewa fedha na uzito nchini humo. Ukiona jedwali safi lenye alama kwa mia kwenye kitabu cha chuo, kumbuka chini yake kuna watu.

Mwaka uliofuata, 1974, watafiti watatu waliofanya kazi Norwei, Barton, Lien na Lunde, walitoa mfumo wao, uitwao Q, uliojengwa kutokana na mifano ya mahandaki kama 200. Q inaanzia 0.001 kwa mwamba wa hovyo kabisa hadi 1,000 kwa mwamba usio na kasoro. Mwaka 1992 wahandisi wa Kihindi waliohangaika na milima ya Himalaya wakaongeza kanuni yao: mbano unaanza pale kina cha handaki, kwa mita, kinapozidi 350 mara kipeo cha tatu cha Q. Ukiweka mwamba mzuri wenye Q ya 10, unapata kama mita 750. Huna wasiwasi mpaka uende chini sana. Ukiweka udongo uliooza wenye Q ya 0.01, unapata mita 75 tu. Kilima cha kawaida cha Uchindile.

Hapa ndipo Udzungwa inapofanya kitu ambacho vitabu havikutegemei. Katika vitabu, kina ni adui. Kadiri unavyoingia chini ndivyo mlima unavyokuelemea. Lakini miaka kama 25 baada ya reli, watu walirudi kwenye ukingo ule ule, mwendo mfupi tu kutoka Mlimba, na kuchimba kituo kizima cha umeme ndani ya mlima. Ni Kihansi ya Chini: megawati 180, maji yanayoshuka kama mita 850, mitambo imekaa kwenye pango la kuchongwa, na ilizinduliwa mwaka 2000. Washauri wake walikuwa Wanorwei wa Norplan, kwa hiyo unaweza kusema Q ilikuja Udzungwa na wenyewe. (Wengi wanaijua Kihansi kwa sababu ya chura wake mdogo aliyegunduliwa 1996 na kutangazwa kutoweka porini mwaka 2009. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine, ingawa nayo ni hadithi ya kutabiri vibaya.) Walikwendaje chini kiasi hicho bila kubanwa? Kwa sababu kuoza kwa mwamba kunatoka juu. Ngozi ya mlima ndiyo mbovu. Ukipita ngozi unakuta gnaisi ya miaka bilioni mbili, kavu na ngumu, inayoweza kubeba mamia ya mita za mlima bila kunung'unika. Pango la umeme lilikwenda ndani ya mwili. Reli haikuwa na uchaguzi huo. Reli inaambaa na ubavu wa mlima, inatoboa pua ya kilima hiki na bega la kilima kile, na karibu kila handaki lake linaingia na kutoka kwenye ngozi.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo ambalo historia ya TAZARA imelikosa. Tunasimuliwa kwamba wajenzi walishinda "milima mirefu na mabonde ya kutisha". Urefu haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa mita 20 au 50 za kwanza, mlangoni, ambapo mahandaki mafupi yana hasara kuliko marefu kwa sababu ni milango mitupu, hayana mwili. Handaki la mita 200 katika ardhi ile linaweza kuwa baya kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana pia, hata baada ya kazi kuisha, masika yakiwa mazito ni miteremko ya kipande hiki inayoporomoka na kuifunga njia. Ni ngozi ile ile.

Nani alilijua hili? Wachina walilijua, na kumbukumbu zao bila shaka waliziandika, kwa Kichina. Wengine waliolijua ni vijana wa Kitanzania waliokuwa mbele na sululu: vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wa JKT, wa kutoka Ifakara, Njombe, Mufindi, Rungwe na kwingineko. Mtu anayechimba udongo ule miezi 18 anajua sauti yake. Anajua mbao zikianza kulia maana yake nini, anajua maji yakibadilika rangi kutoka meupe kwenda mekundu akae mbali. Lakini maarifa hayo hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Kitivo cha Uhandisi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, wakati reli inafika Tunduma. Wanafunzi kama 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kuanzia 1972 kujifunza mambo ya reli, na hao ndio walioiendesha baadaye. Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho leo ni MUST, kilifunguliwa 1986. Kila taasisi ambayo ingeweza kumkalisha mzee wa Mlimba chini na kumuuliza ilichelewa kidogo tu.

Waliokufa katika ujenzi wa reli nzima wanatajwa kuwa kama 160, kati yao Wachina zaidi ya 60. Sio wote walikufa mahandakini. Kulikuwa na ajali za magari, magonjwa, na mambo mengine ya kambini. Makaburi ya Wachina yako Gongo la Mboto, yametunzwa, na Machi 2013 Rais Xi Jinping alikwenda kuweka shada. Nilipofika pale nilisoma majina, miaka ya kuzaliwa na ya kufa, wengi wakiwa chini ya umri wa miaka 40. Ni jambo zuri na sina kinyongo nalo. Ila natamani siku moja nisimame Mlimba au Makambako nisome na majina ya Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, Kipogoro.

Nimeandika yote haya kwa sababu mlima ule unafunguliwa tena. Reli ambayo miaka yake mizuri ilibeba mizigo ya zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka ilishuka hadi tani 88,000 hivi mwaka 2014/15. Septemba 2024, Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua, na mwaka 2025 ukafuata mkataba na kampuni ya CCECC wa dola za Marekani bilioni 1.4, wa miaka 30. Mijadala niliyoisikia ni ya fedha: nani anapata nini, ajira ngapi, shaba itapita huku au Lobito kule Angola. Ni maswali ya haki. Langu ni dogo kuliko hayo. Watakapoingia kwenye mahandaki yale na kuanza kukwangua zege la mwaka 1972, nani atakuwa anapima? Na vipimo vitabaki wapi?

Kwa sababu kipimo chenyewe siyo kitu cha ajabu. Unafunga pini mbili za chuma kwenye kuta, moja kushoto, moja kulia, na ya tatu juu kwenye tao. Unapima umbali kati yake kwa utepe maalumu unaosoma hadi sehemu ya milimita. Unaandika tarehe, unaondoka, unarudi baada ya mwezi, baada ya masika, baada ya mwaka. Namba zikibaki pale pale, mlima umetulia. Zikisogea milimita mbili kila masika, unajua handaki gani litakuletea shida miaka kumi kabla halijakuletea. Mahandaki yale yamepitisha treni kwa nusu karne, maana yake kila moja ni jaribio la miaka 50 katika udongo ambao barabara zetu, mabomba yetu na reli zijazo za kusini zitalazimika kuupita tena. Mhadhiri mmoja wa MUST, wanafunzi watano, kibali cha kuingia njiani, na basi la asubuhi kutoka Mbeya hadi Makambako. Daftari likae Mbeya, nakala Dodoma kwa wanajiolojia, na liandikwe kwa lugha ambayo fundi wa reli wa Mlimba anaweza kuisoma.